Nimetangaza Mume Wangu Alinikimbia, Naye Yuko Nyumbani Anafua Nepi

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie kabla ya Jumamosi, maana Jumamosi ikinikuta bila jibu lako nitamaliza kuharibu kilichobaki, na nimeshaharibu vya kutosha.

Mimi ni mama wa mtoto mmoja wa miezi kumi anayeota meno, nashona mikoba ya shule, na mtaani wameniita Mama Mikoba mpaka jina langu naanza kulisahau. Kikundi chetu cha kina mama kina mwenyekiti, mama mwenye moyo mzuri na sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya barabara, naye ndiye aliyeanzisha mikutano ambapo watu wa hapa hapa wenye biashara zao na viongozi wetu wanasimama kusimulia safari zao, walivyoanza, walivyoanguka, walivyoinuka, ili vijana wajifunze. Jambo zuri, sikatai. Siku niliyoitwa mimi alitangulia mwenye mashine ya kusaga, akasema alilala miaka miwili juu ya magunia, watu wakaguna kwa huruma, akafuata mama mwenye shule ya watoto wadogo, nyumba yake iliungua na vyeti vyake vyote ndani, watu wakatoa vitambaa kufuta machozi, akafuata kiongozi mmoja aliyeshindwa uchaguzi mara tatu na mara ya tatu hata mkewe hakumpigia kura, watu wakacheka huku wanalia, halafu nikaitwa mimi. Mshauri, nyumba yangu haijawahi kuungua. Mume wangu ni fundi viatu, nilianza kushona kwenye kibanda chake kwa vipande vya turubai alivyobakiza, na kamba za mikoba ananishonea yeye mpaka leo kwa sababu cherehani yangu haipiti kwenye kitambaa kinene. Sasa hapo nani atatoa kitambaa?

Nikasimama, nikasema mawili matatu, ukumbi kimya, mtu wa nyuma anapiga miayo, na mimi siku ya tatu hiyo sijalala kwa ajili ya meno ya mtoto. Mwenyekiti akaona nazama, akanyakua kipaza sauti. "Huyu binti ana haya, ngoja nimsaidie," akasema. "Huyu mnayemwona alitelekezwa na mumewe, mtoto mchanga mgongoni, na hakukata tamaa!" Alisema hivyo kwa sababu mtoto alipokuwa na wiki chache mume wangu alikwenda miezi miwili kumuuguza kaka yake hospitali ya mbali, Mwenyekiti akawa kila akipita ananikuta peke yangu, hakuuliza, akajijibu mwenyewe. Nilitaka kusema hapana mama, sivyo, lakini machozi ya usingizi yakaanza kunitoka, na ukumbi mzima ukainuka kunipigia makofi. Tangu nizaliwe sijawahi kupigiwa makofi. Nikanyamaza.

Kosa langu lingeishia hapo ningejisamehe. Lakini niliitwa tena, na tena, na kila nikiitwa wananitambulisha hivyo hivyo, na shule mbili zikaagiza mikoba kwa ajili ya ile habari, na mimi mwenyewe nikaanza kutia chumvi. Mara ya nne nikasema aliondoka asubuhi mtoto akiwa na homa, na akabeba hata sufuria. Hiyo sufuria sijui ilitokea wapi mdomoni mwangu, naapa, ila niliona akina mama wa mstari wa mbele wameshika vifua nikajua imeingia.

Kumbe kuna mtu alirekodi. Sauti ikazunguka kwenye simu za watu mpaka ikafika kibandani kwa mume wangu, mteja mmoja amekaa anangoja soli, anamwambia, "Fundi, hebu msikilize huyu dada, mwanamume mwenzetu alivyo mnyama." Akasikiliza yote, sindano mkononi. Alipokuja nyumbani hakupiga kelele, na afadhali angepiga. Alisimama jikoni akasema, "Mama, nionyeshe sufuria niliyobeba."

Nikamwambia baba, nisamehe, nilisukumwa.

"Kuhusu kuondoka, sawa, ulisukumwa, ulikuwa umechoka, nakuelewa. Lakini sufuria? Sufuria ulikaa ukaifikiria."

Tangu siku hiyo analala nyumbani, anambeba mtoto, anafua nepi zake kama kawaida, lakini chakula anakwenda kula kwa mama yake. Anasema hatakula chakula cha nyumba ambayo ameshaikimbia mpaka nimrudishe mbele ya wale wale niliowaambia ameondoka. Mzee mmoja alikuja akachukua viatu vyake kabla havijaisha, akasema hawezi kutembea juu ya kazi ya mtu anayetupa watoto. Mume wangu akamfungia kwenye gazeti vizuri, akamkabidhi.

Ningekuwa nimeshasema ukweli, mshauri, kama asingetokea huyu binti. Alikuja wiki iliyopita saa nne asubuhi, mimi nimetoka kununua zipu, akabisha hodi na mtoto mgongoni na begi mkononi. Mume wangu ndiye aliyefungua, mtoto wetu begani, povu mpaka kwenye viwiko. Binti akasema namtafuta Mama Mikoba, yule dada aliyekimbiwa. "Ametoka kidogo," mume wangu akamjibu. "Karibu ukae."

"Na wewe ni nani wake?"

"Mimi ndiye niliyekimbia. Karibu, karibu, utakunywa chai?"

Niliporudi nikamkuta binti ameshika kikombe anatazama chini, hajui acheke au alie. Alinisikia mkutano uliopita, akarudi kwake akamwacha mumewe, kwa sababu kama mimi niliweza na yeye ataweza. Nikamuuliza, mdogo wangu, alikuwa anakupiga? Akasema, "Hanipigi, dada. Haniulizi hata kama nimekula." Leo ni siku ya sita amelala sebuleni kwangu, ananisaidia kukata vitambaa, na mume wangu akipita kwenda kula kwa mama yake anamsalimia kwa heshima kama mgeni mwenzake.

Jumamosi ndiyo mkutano mkubwa kuliko yote, watakuja vijana wa mitaa mitatu, na mimi ndiye msemaji wa mwisho. Nilikwenda kwa Mwenyekiti nikamwambia mama, nataka kusema ukweli. Akashika kichwa. "Utawavunja mioyo wale wasichana, mwanangu. Na kikundi je? Tutaonekana wote waongo, hata aliyeunguliwa nyumba kwelikweli hataaminiwa." Kisha akafikiri, akapata dawa. Anasema nimlete mume wangu pale mbele, yeye aseme amerudi, mimi niseme nimemsamehe, tukumbatiane, mkutano uishe kwa vigelegele. Kila mtu atafurahi.

Nilimpelekea mume wangu hilo wazo. Akachukua kofia yake, akaenda kwa mama yake, na haikuwa hata saa ya kula.

Nisaidie, mshauri. Nikisema ukweli nampoteza Mwenyekiti aliyenishika mkono, na sijui huyu binti nitamwambia nini. Nisiposema nampoteza mume mwema ambaye hajawahi kunikosea. Nimechoka mpaka nimechoka kuchoka, na wakati mwingine najiuliza, kwani kuna ubaya gani akikubali kusamehewa kidogo tu, mara moja, halafu tuendelee na maisha?

Mama Mikoba

* * *

Mama Mikoba,

Barua yako nimeisoma mara mbili, na nilipofika kwenye "kusamehewa kidogo tu" niliiweka mezani nikaenda kunywa maji.

Nianze na huruma, maana unastahili, kisha nitakugombeza. Mimi pia nina mtoto anayeota meno, na sasa hivi naandika huku ananitafuna kidole cha mkono wa kushoto. Najua siku ya tatu bila usingizi mtu anavyoweza kuitikia lolote. Siku ile ya kwanza haikuwa kosa lako. Mtu mzima alikusemea, watu wakainuka, ukashindwa kuwakalisha. Hilo nalifuta.

Lakini mara ya pili ulikwenda umeshapata usingizi. Mara ya nne ukaleta sufuria. Mumeo amesema sawasawa na sina cha kumwongezea.

Na hebu niambie, nani amekudanganya kwamba huna safari? Mwanamke anaanza na mabaki ya turubai kwenye kibanda cha viatu, mume anashona kamba mke anashona mfuko, mtoto katikati yao, leo shule zinaagiza. Ungesimulia mkoba wa kwanza ulivyochanika, maana najua ulichanika. Ungewaambia jinsi ya kuomba mabaki kwa fundi bila kumchosha. Vijana wa mitaa mitatu wangeondoka na kitu cha kufanyia kazi Jumatatu. Badala yake mmewapa kilio, na wakarudi nyumbani wakidhani asiyeumizwa hana cha kusema. Hapo sikulaumu peke yako. Nyinyi mnaoandaa mikutano hii, mkiwa mnampigia makofi aliyeungua tu, mtawafanya watu waanze kuwasha viberiti.

Sasa fanya hivi, na usingoje Jumamosi.

Leo hii, mchana, wateja wakiwepo, nenda kibandani. Kaa kwenye kigoda cha mteja. Sema kwa sauti inayosikika, "Baba, nimewaambia watu uongo juu yako, na nimekuja kuwaambia hawa kwanza." Usilie. Ukiona machozi yanakuja, ngoja yapite ndipo useme, kwa sababu machozi yako ndiyo yaliyotufikisha hapa. Muulize mumeo yule mzee aliyechukua viatu anakaa wapi, ukamwone kwake. Usimtume mtu.

Kutoka hapo nenda kwa mama mkwe. Mwanawe amekula kwake wiki nzima na kama ni mama kama wengine hajauliza, anapakua tu na kusubiri. Mwambie mwenyewe. Atakalosema lipokee.

Yule binti mwambie uso kwa uso, kabla ya mkutano. Asije akasikia ukumbini katikati ya watu kwamba ameacha nyumba yake kwa kufuata jambo ambalo halikutokea. Kisha umwache akukasirikie, ana haki. Na sikiliza vizuri hapa: usimwambie arudi, na usimwambie asirudi. Kula bila kuulizwa kama umekula ni njaa ya aina yake, na wewe uliyepewa mume wa kuuliza usiidharau. Muulize ana shangazi au mama mdogo anayemwamini, aitwe, wakae na huyo mume wake, wasikie naye anasema nini. Akikuambia kuna vipigo ambavyo aliona aibu kuvitaja, basi harudi, uongo wako hauhusiki hapo. Mpaka ajue la kufanya, sebule ni yake. Hiyo ndiyo faini yako.

Mwenyekiti mpe taarifa. Sikusema mwombe ruhusa. Mwambie, "Mama, Jumamosi nitasema ukweli, nimekuja usikie kwangu kwanza." Akikufuta kwenye orodha, sawa, utasimama mlangoni watu wakitoka. Anaogopa aliyeunguliwa nyumba hataaminiwa. Mwambie ataaminiwa zaidi kikundi kikionekana kinajisahihisha chenyewe kuliko kikija kuumbuliwa na jirani. Simuoni kama mtu mbaya. Namuona mtu anayependa sana vigelegele, na wa hivyo ni lazima aambiwe na wale anaowapenda.

Ukipewa kipaza sauti, maneno ni machache: "Mume wangu hakunikimbia. Alikwenda kumuuguza kaka yake, mkaambiwa vingine, nami nikanyamaza kisha nikaongeza ya kwangu kwa sababu makofi yalikuwa matamu. Kamba za mikoba mnayonunua kwangu anashona yeye." Halafu waeleze jinsi ya kushona mkoba. Usimwite mbele. Usimkumbatie hadharani. Usimsifu mpaka ukawa mchezo mwingine. Akija akakaa nyuma, vizuri. Asipokuja, usimtafute kwa macho.

Maneno hayo hayo yarekodi, yatume kwenye zile simu. Hayatasambaa kama ya kwanza, nakuambia mapema, kwa sababu hayana mnyama ndani yake. Tuma hivyo hivyo. Na zile shule mbili ziandikie. Zikiacha kuagiza, utajua zilikuwa zinanunua nini.

Swali lako la mwisho nalijibu kwa neno moja: upo. Ubaya upo. Mtu akikubali kusamehewa kosa ambalo hakulifanya, mtoto wenu atakua akilisikia kama kweli, na siku moja atamuuliza baba yake kwa nini aliwaacha, na huyo mwanamume atalazimika kuchagua kati ya kukuumbua wewe na kumdanganya mwanawe. Usimfikishe hapo.

Huenda Jumamosi jioni asije mezani. Umesema ukweli, umetimiza alichotaka, na bado kiti chake kikawa kitupu. Usiseme "lakini nimeshaomba radhi." Aliyeumizwa ndiye anayejua lini amepona. Wewe pika, mpakulie, funika, ukae. Jumapili vilevile. Na jirani akichungulia akikuuliza mumeo yuko wapi saa hizi za chakula, usitafute la kusema. Mjibu: yuko kwa mama yake, mimi ndiye niliyemfukuza, na sasa namngoja.