Papa, Sauti Yako Iko Chini ya Yangu

Papa yangu mpendwa wa Bengamisa,

Ni mimi, fundi mkuu wa simu Kisangani nzima. Usicheke. Mzungu wa mashine alipokimbia baada ya uhuru, nani alibaki anajua waya gani unaingia wapi? Mimi, niliyeacha shule kabla hesabu za kugawanya hazijaniingia kichwani.

Unakumbuka patron, bosi wetu, alipotaka simu zote za kampuni zinaswe? Wanunuzi wa pamba huko vijijini walikuwa wanasema hivi asubuhi, jioni wanakana. Nilichuna nyaya za laini yako ya depo ya pamba, nikaziunganisha na mashine ya kanda, nikakuonya: "Papa, chunga mudomo, leo mashine iko inasikia."

Ukasafisha koo. Halafu: "Bonjour, mashine. Umeamuka muzuri?"

Tangu siku ile hukutaja gunia hata moja bila kuisalimia kwanza. "Na huyu mutoto wangu anakupatia chakula?" uliiuliza. "Usimuamini. Iko mudomo tupu."

Bon. Uasi ukaingia. Laini ya Bengamisa ikakatika. Waliofika kwa miguu kutoka huko walisema depo ya pamba imeungua. Wewe hawakukuona, wala maiti yako hawakuiona. Mama bado anakuwekea sahani.

Ofisini kwetu kanda hazitunzwi, unajua. Ikijaa inarudishwa mwanzo, simu mpya zinakula za zamani. Laini yako ilipokufa, simu yako ya mwisho ilikuwa bado kwenye mashine. Nikaitoa ile kanda, nikaificha ndani ya shati, nikaweka nyingine. Sasa patron anaitafuta, maana kanda mpya hazipandi tena kwa meli kutoka Léopoldville. Nikamwambia imepotea. Akasema hadi Jumamosi iwe imeonekana, ama nitafute kazi pengine.

Jumapili nilimwingiza mama ofisini kwa mlango wa nyuma, tukaisikiliza. Papa, mashine inanasa hapa mezani kwangu, kwa hiyo sauti yangu inatoka kama ngurumo, na yako inafika imechoka na ile njia yote ya waya. Tulikusikia ukiisalimia mashine. Mama akacheka, akashika mdomo. Kisha, humo kwenye kanda, nikaanza mimi: viatu vyangu vipya, namna wasichana wa mtaa wanavyoviangalia, namna patron hawezi kitu bila mimi. Na huko chini ulikuwa unasema jambo, polepole, hukuacha.

Mama akaweka sikio kwenye spika. "Nyamaza, wewe!" akaigombeza sauti yangu. "Acha nimusikie bwana yangu!"

Haikunyamaza. Tulirudisha, tukarudisha tena. Tulipata "umwambie mama yako" tu. Kilichofuata kimefunikwa na viatu.

Kanda iko kwa mama sasa, ndani ya mto wake. Hana mashine ya kuichezea, lakini anailalia, na mimi siendi kuitoa pale. Alors, Jumamosi fundi mkuu atakuwa hana meza.

Kabla ya hapo, kila asubuhi nachomeka waya kwenye tundu la laini ya Bengamisa. Naisalimia mashine kwa niaba yako, naiuliza kama imeamka vizuri. Halafu nanyamaza. Mimi, papa, nanyamaza kabisa, mpaka wenzangu wananiuliza kama ninaumwa.

Sema sasa. Sitakukata.

Mutoto wako,
mudomo tupu