Mgomba wa Masoka

Kasongo. Jumatatu, 4 Machi 1935

Nashona tena suruali ya kapita, msimamizi wa mtaa. Tumbo linazidi kitambaa. Ananitangazia amri ya Bulamatari, serikali ya Wabelgiji, kana kwamba ananiagiza vifungo: asiye na chifu atoke mjini, apelekwe kijiji kipya cha barabarani akalime pamba. Mimi nahesabiwa kwa marehemu baba, mtu wa hapa. Mama hahesabiki. Aliletwa mtoto, kamba shingoni, na misafara ya watumwa ya zamani, kutoka upande wa Kabambare. Amezika mume hapa, amezika watoto wawili, bado ni mgeni! Akipatikana chifu wa kwao wa kusema ni mtu wake, atabaki kwangu. Kwa hasira nimevunja sindano.

Jumatano, 6 Machi

Tumetoka alfajiri kwa miguu, mimi na Mama. Hapa anaitwa Faida, jina la waliomnunua. Kwao aliitwa Masoka. Anakumbuka hilo, na mto Luama, na kaka yake. Na chale za tumboni. Basi.

Jumanne, 12 Machi

Tumefika kijiji kimoja cha Luama. Mabibi wa kijiji walimpeleka kando, wakazitazama chale, wakarudi wanalia. Ni zao. Nikacheka peke yangu kama mwehu. Alhamdulillahi.

Kisha akaja kaka yake, mzee wa fimbo. Alimtazama sana. Machozi yakamtoka. Mkono hakumpa.

"Dada," akasema, "sisi tulisha kukuzika."

Jumatano, 13 Machi

Leo nimeelezwa. Alipopotea walingoja, wakachoka, wakaweka matanga. Maiti hakuna, wakazika mgomba mahali pake, pamoja na mizizi yake. Jina wakampa mtoto mwingine. Sasa aliyezikwa akirudi uani, watu wa ua watakufa. Mzee anaamini hivyo, wala si nusu nusu. Nilimsihi aseme neno moja tu kwa chifu. Nikamtukana, Mungu anisamehe. Nikaenda kwa chifu mwenyewe. Kasema hahesabu wafu.

Chakula cha Mama wanakileta njiani, juu ya jani. Nawachukia.

Alhamisi, 14 Machi

Mama aliomba aonyeshwe kaburi lake. Ule mgomba ulichipua, sasa ni kichaka kizima. Ndizi zake hakuna anayekula. Alipiga magoti, akang'oa majani, kama anavyofanya kwenye kaburi la baba. Nililia mimi. Yeye hapana. Akachimba chipukizi moja, akalifunga kwenye leso.

Njiani akaniambia, "Mwanangu, usiwachukie. Walinililia vizuri."

Kasongo. Ijumaa, 22 Machi

Kapita amekuja kumchukua Mama. Kavaa suruali niliyomshonea. Akalikataa chipukizi: kule barabarani inaota pamba tu. Mama akaniwekea mikononi, akapanda gari la mizigo pamoja na wazee wengine. Hakugeuka. Na mimi nimesimama, mwanamume mzima, nimebeba mgomba.

Jumapili, 14 Aprili

Mvua tangu asubuhi. Nimeshona mashati mawili. Kwenda kumwona Mama ni mpaka ruhusa, na ruhusa bado.

Chipukizi nililipanda uani, nyuma ya jiko. Limetoa jani. Jirani alipita na mwavuli, akauliza huu mgomba ni wa nani. Nikamwambia ni wa Masoka.

Ameishi na Mama ukuta kwa ukuta maisha yake yote. Akauliza Masoka ni nani.

Nikarudi kwenye cherehani.