Kabati la Baba Pale Karema

Karema, 8 Februari 1994

Kaka Stanslaus,

Habari za Mpanda? Shemeji na watoto hawajambo? Huku mimi nipo tu. Baba ndiye simwelewi. Miguu imevimba tena, na mgongo umeanza kuchubuka kwa kulala.

Lile kabati alilomtengenezea marehemu mama limekwama. Ufunguo unaingia, unazunguka nusu, unagoma. Mle ndani kuna shuka jeupe la mama, lile alilolitarizi maua alipofundishwa na masista. Baba anasema anataka kulalia hilo kabla hajafa. Baba mdogo Yotham kaja na shoka. Baba akamwambia, "Ukilipasua, usinizike."

Wewe ni fundi. Nifanyeje?

Dada yako,
Josephina

Mpanda, 21 Februari 1994

Mdogo wangu Josephina,

Barua nimeipata kwa dereva wa lori la dagaa. Pole sana. Sisi tunaendelea, ila shemeji yako malaria haimwachi.

Shoka hapana, na ufunguo usiukamate kwa koleo, utakatikia humo humo. Mvua imevimbisha mbao, ndiyo maana mlango unaubana ulimi wa kitasa. Chovya unyoya wa kuku kwenye mafuta ya cherehani, upake tundu la ufunguo. Ya kupikia usitie, yanaganda. Acha hadi kesho yake. Halafu sukuma mlango kwa goti huku ukiunyanyua kidogo, ndipo uzungushe taratibu. Ukigoma, rudisha nyuma, jaribu tena.

Msalimie baba. Mwambie nitakuja.

Kaka yako,
Stanslaus

Karema, 7 Machi 1994

Kaka,

Shikamoo. Shemeji amepata nafuu?

Nimefanya yote. Goti limeniuma, mlango haukufunguka. Nilipokwenda ziwani kuchota maji, baba mdogo akaleta koleo. Ufunguo umepinda. Baba alisikia chuma kinalia, akageukia ukutani, na uji hakunywa siku ile.

Kaka, nimechoka. Namgeuza baba usiku, asubuhi nafua, mchana niko shambani. Wewe unanifundisha kitasa. Kila barua unasema utakuja. Baba anauliza, mimi ndiye ninayejibu.

Josephina

Mpanda, 18 Machi 1994

Mdogo wangu,

Sijui nianzeje kukusalimu. Maneno yako nimeyasoma mara nyingi.

Barabara imekatika, malori yamelala njiani. Lakini si barabara peke yake. Naogopa kumwona baba akiwa hivyo. Basi nimesema.

Mlango uache. Vuta kabati kutoka ukutani. Ubao wa nyuma baba aliufunga kwa skrubu, hakupiga misumari. Zina kutu, kwa hiyo kila moja ikaze kidogo kwanza, ndipo uilegeze. Bisibisi iwe pana, ijae kwenye mfereji wa skrubu, la sivyo utakwangua kichwa chake. Ukitoa ubao, weka skrubu kwenye bakuli zisipotee.

Stanslaus

Karema, 30 Machi 1994

Kaka Stanslaus,

Shikamoo. Baba yu hai, hilo lianze.

Jirani yetu Emerensiana alinisaidia kuvuta kabati, na bisibisi tuliazima misheni. Skrubu ya kwanza ilinitoa malengelenge. Baba alikuwa anasikiliza kutoka kitandani, anasema, "Polepole, hiyo ya chini nilikaza sana." Ubao ulitoka mzima. Nikaingiza mkono, nikakiona kitasa kwa ndani. Nyigu walikuwa wamejenga humo, udongo umejaa tele. Nikauchokoa kwa kijiti. Ufunguo nikaunyoosha kwa jiwe, ukazunguka wenyewe.

Shuka limeingia madoa pembeni, ila maua yapo. Tulimwosha baba, tukamlaza juu yake. Akapapasa maua kwa vidole, moja moja. Nikamuuliza, "Linakuumiza mgongo?" Akasema, "Mama yenu alishona akiwa na mimba yako. Alikuwa anasinzia, sindano inamchoma." Akacheka. Siku nyingi sijamsikia anacheka. Mimi nikakaa sakafuni.

Leo hali chochote. Anaongea kidogo, analala, anaamka. Asubuhi ameuliza, "Stanslaus amefika?" Nimemwambia uko njiani.

Barabara ikiwa mbovu, tembea. Usinifanye mwongo.

Dada yako,
Josephina