Farasi wa Mazishi ya Mama

Dada Burulai mpendwa, nasoma majibu yako gazetini kila wiki, nakuomba unisaidie, baba yangu amenikataa. Mimi natengeneza filamu hapa mjini Bishkek, na filamu yangu ya kwanza inamhusu mama yangu aliyeugua hadi kufa kule kijijini kwetu Naryn, na ni yeye mwenyewe aliyesema nisizime kamera, nami sikuizima, hadi mazishini, Baba alipomchinjia farasi jike aliyempenda kuliko wote ili wageni wapate nyama, maana unajua kwetu humziki mtu wako kwa chai. Basi kampuni moja ya Amerika ikaitaka filamu, wakawaonyesha watu wao kwa majaribio, na Mama alipokata roho watu walilia lakini wakabaki vitini, ila farasi alipoangushwa nusu ya ukumbi ikatoka, wakaniambia niondoe farasi la sivyo hawanunui, nami nikaondoa, nikampelekea Baba aone kabla sijatia sahihi.

Alitazama mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Wageni wangu walikula nini?"

"Baba, Wamarekani hawawezi kutazama farasi akichinjwa."

"Na mama yako akifa wanaweza?"

Tangu siku hiyo hapokei simu yangu, na dada yangu anasema Baba amewaambia majirani hana mtoto wa kiume. Mnunuzi mwingine sina. Nifanye nini?

Kubanych, Bishkek

Kubanych, pole kwa msiba. Lakini sitakubembeleza. Hao Wamarekani wamekataa wasichokipenda, macho ni yao. Aliyekata kipande cha farasi ni wewe. Umemwonyesha baba yako akimzika mkewe mikono mitupu, halafu ulitaka akupigie makofi? Una akili timamu kweli? Wewe umehamia mjini. Yeye ndiye atakayesalimiana na wanakijiji wakishaiona.

Rudisha kipande chote, leo hii. Waandikie kwamba farasi anabaki. Wakitaka wanunue hivyo hivyo, wasipotaka basi. Na usingoje jibu lao ndipo uende Naryn, maana ukienda baada ya kukataliwa, mzee atajua umekosa pa kwenda. Nenda kesho. Akikufungia mlango, kaa nje. Habari za sinema usimweleze, omba msamaha tu. Akikufukuza, rudi wiki ijayo.

Huenda filamu yako isionekane popote. Itakuuma, sikufichi. Wamarekani watakufa bila kumjua mama yako. Naye alikufa bila kuwajua, na hakuwahi kulalamika.