Maji Yaliyobaki Mitungini

Mtaa wa Pioneer,
Eldoret.
14 Julai, 2025

Mpendwa kaka Lusweti,

Naomba barua hii isomwe mbele ya wote Jumapili, mtakapokutana nyumbani Kimilili baada ya ibada. Kwa hiyo nawasalimu kwa utaratibu: Kukhu Selpha, bibi wa watoto wetu na mama aliyetuzaa, wewe kaka, uliyeshika kiti cha baba, shemeji Mama Brigid, na ndugu wote na watoto. Je, mguu wa Kukhu umepata nafuu tangu safari ya huku? Sisi tu wazima wa mwili. Moyo wangu ndio ulioinama.

Mliokuja siku ile mnakumbuka tulivyosimama kando ya uwanja wa ndege na mitungi ya maji. Ni desturi ya shule ile ya urubani kummwagia maji mwanafunzi anaporusha ndege peke yake mara ya kwanza. Mwanangu Marvin alipaa na mwalimu wake, Brigid binti yenu, wakazunguka, wakatua. Brigid akanijia. "Baba mdogo, leo bado. Upepo unatoka ubavuni, na hajawa tayari."

Nilimjibu mbele ya Kukhu: "Wenzako wanarusha ndege za abiria, wewe umebaki kufundisha tu. Sasa unamchelewesha huyu ili ule saa zake!" Wengine mkacheka. Yeye akasema tu, "Sawa, Baba mdogo."

Ni kweli hulipwa kwa saa za angani. Lakini siku ile mchana kutwa alikaa chini na Marvin, akimchorea upepo kwa kijiti vumbini, na kwa hayo halipwi hata senti. Marubani aliowafundisha wanatupita juu ya paa. Yeye bado amepanga chumba kimoja mtaa wa Huruma, hapa Eldoret.

Nami nikaenda kudai mwalimu mwingine. Nikapewa kijana mgeni wa kazi, anayefundisha ili ajikusanyie saa za angani za kuombea kazi kwingine. Alipaa na Marvin mara moja tu, akamwambia Jumamosi hii ataruka peke yake. Nilifurahi, kaka. Nilifurahi!

Jana, tukitoka kanisani, Marvin alinishika mkono. "Baba, ile ndege sikuitua mimi. Upepo ulipotusukuma niliachilia usukani. Ni Brigid aliyeituliza. Akaniambia nisiogope, hatamwambia mtu."

Binti yako alikubali kutukanwa mbele ya bibi yake ili mwanangu asiaibike. Na mimi, niliyestaafu nikiwa mwalimu mkuu, ndiye niliyetamka "kufundisha tu".

Mnisalimie dada Everlyne na wanawe. Mungu ampe Kukhu nguvu za safari moja zaidi, kwani nitamhitaji.

Marvin nimekwisha kumwondoa kwa yule kijana. Naomba kikao kipitishe hili: Jumamosi ya tarehe ishirini na sita, sote tuliokuwa uwanjani, Kukhu akitangulia, twende kwa Brigid Huruma. Nitasema mimi kwanza, nikiwa nimesimama. Tumwombe msamaha, ndipo tumwombe ampokee tena Marvin. Akikataa, asilaumiwe. Na mitungi ile isibebwe tena mpaka yeye mwenyewe atuite.

Ndimi mdogo wako akupendaye, mwenye haya,
Khisa