Alisema Nifike Mkavu

Mkunya, Jumapili alasiri. Ukungu uliondoka saa nne, baridi imebaki. Nimeketi chumba cha wageni nyumbani kwa Mzee Barnaba, mjomba wa mchumba wangu Edita, nimevaa shati la kuazimwa lisilofunga vifungo vya tumboni. Koti langu limeanikwa uani, halijakauka tangu jana.

Koti hilo ndilo lililoniponza.

Juzijuzi kaka yake Edita alishuka Masasi, akanifuata shuleni kwetu Lisekese na ujumbe wa mdomo. Nilikuwa nimeitwa kuja kujieleza kwa mjomba, maana huku juu mjomba akikataa hakuna ndoa. Kaka mtu akasema, "Dada anasema usivae koti. Fulana nyepesi na shati pana, sweta uiweke kwenye kapu. Upande polepole, Mwalimu, ufike mkavu."

Nikamwuliza, mkavu kwa nini? Akasema yeye katumwa tu.

Hapo moyo ukaanza kuniwasha. Mchumba gani anataka mtu wake aende ukweni na shati tupu kama anakwenda kupalilia mihogo? Mwalimu Matayo, ninayekaa naye nyumba moja, alisema bila koti mjomba ataniona kibarua. Matayo naye simwamini sana, tangu Pasaka anaisifia mno sauti ya Edita kwenye kwaya. Lakini kati ya wawili hao nilimsikiliza Matayo. Ndiyo, niandike hivyo hivyo.

Mimi ni mtu mnene. Wembamba hawajui baiskeli inatufanya nini. Mshono wa kaptula ukipita katikati, tandiko linaukandamiza mpaka unatembea kwa kuchechemea siku mbili. Kwa hiyo fundi alinishonea kaptula ya kaki yenye kiraka kipana makalioni, mshono akausogeza pembeni. Ndani nilivaa bukta ndefu ya kitambaa cha marekani ili mapaja yasisuguane, nikapaka na mafuta ya nazi. Mkanda niliuacha kwa sababu unakata tumbo nikiinama, nikafunga kanda za mabegani. Hayo yote nayajua na niliyafanya sawasawa. Kisha nikavaa fulana, nikavaa shati, nikavaa sweta, na juu ya vyote nikavaa koti. Kapuni nilibakiza Biblia na shajara hii.

Baridi ya alfajiri ilinidanganya nikajiona mjanja. Mlimani nikashuka, nikasukuma baiskeli huku jasho linaingia machoni. Sikuvua hata sweta. Kila aliyenipita nilimwona ni mpelelezi, atafika Mkunya kabla yangu aseme mwalimu kavua koti.

Nilifika nguo zote zimelowa. Nikasema, "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Mwalimu. Pole. Mvua imekunyeshea wapi?"

Wakaniwekea ndoo ya maji nyuma ya nyumba. Nikaoga. Nikajisuuza mara ya pili, na yaliyobaki nikafulia fulana. Nilipotoka, wanawake wa nyumba waliitazama ile ndoo, kisha wakatazamana. Nikadhani wananicheka tumbo.

Kwamba huku Newala maji ni shida, nilijua. Masasi tunawatania kila siku kuwa wanaoga umande. Bwana Shauri wa wilaya anasema mabomba yanakuja, lakini bado hatujayaona. Nilijua, ila ndoo ilipowekwa mbele yangu niliona ni maji ya mgeni, kama kwetu. Kumbe mgeni hapa hunawa uso, mikono na miguu, ndoo ikarudi ndani kwa ajili ya kupikia. Na mgeni haambiwi kwamba maji hakuna, ni aibu ya nyumba. Ndiyo maana Edita hakulitaja. Alitaja nguo, nisifike na jasho la kuoga.

Leo kanisani sikumwona. Nikaanza tena: ananikwepa, ana mtu mwingine, labda Matayo anajua. Padre alihubiri, sikusikia hata neno moja.

Alikuwa bondeni. Alitoka kungali giza, akarudi sisi tumeshatoka ibadani, mtungi kichwani, vumbi mpaka magotini. Akautua, akaniuliza mbele ya mjomba wake, "Mwalimu, kaka hakukufikishia neno langu?"

"Alinifikishia."

"Sasa koti la nini?"

Ningeweza kusingizia baridi. Sijui kwa nini nilisema kweli. Nilisema nilidhani anataka nionekane fukara, mjomba anikatae, yeye aepukane nami.

Akainama kukung'uta vumbi magotini. Nilitamani anitukane.

Mzee Barnaba akasema kwa upole, na upole huo ndio uliouma: "Maji si neno, yatatekwa mengine. Ila kwetu hapa mume ndiye anayehamia kwa mke. Utalala nyumbani kwake, utakula alichopika. Utakula vipi, Mwalimu, kama neno lake dogo tu la shati umeliogopa? Mimi nilikuwa nimeshakubali. Sasa aseme mwenyewe."

Edita akasema, "Nitasema kesho, nikitoka bondeni." Akaingia jikoni.

Nampenda. Naandika hapa kwa sababu sikumbuki kama nimewahi kumwambia yeye.

Nimewaza niamke kabla ya jogoo, nishuke naye, nimbebee mtungi wakati wa kupanda. Nikibaki hapa ataona nasubiri kuletewa maji ya kuoga tena. Lakini nikimfuata gizani, ataona nakwenda kumchunga.

Kwa niliyoyasema leo, nani atamlaumu akidhani hivyo?