Marehemu Aliyenisahihisha

Mwenzangu, nimeua mtu mbele ya madaktari wenzangu kumi na wawili. Tulia, ni yule mfagizi wa wodini kwetu. Sasa hivi yupo anakunywa chai.

Kwenye kozi ya kuhudumia majeruhi yeye ndiye huigiza mgonjwa, mwaka wa tatu huu. Leo mtihani. Kalala kitandani, mguu umepakwa rangi nyekundu, anakoroma kama jenereta bovu.

Wimbo unaujua: kwanza koo lipitishe hewa, halafu mapafu, damu baadaye. Mimi, na miaka yangu tisa ya upasuaji, nikaurukia mguu. Nikaufunga, mguu ukapendeza.

Nikasikia mgonjwa ananong'ona, "Daktari, koo."

Nikamjibu, "Nyamaza, wewe umezimia."

Yaani nilimwambia anyamaze. Kanitajia koo, nikamwambia anyamaze.

Akanyamaza kweli, na kukoroma kukakatika, pumzi nayo. Msimamizi akatazama saa. "Mgonjwa wako amekufa. Ila mguu mzuri, tutamzika nao."

Narudia kesho, na nikifeli tena sipangwi zamu ya dharura. Nikauliza nani atanifundisha. Wote wakamgeukia marehemu.

Akainuka, akajifuta rangi, akapigapiga godoro. "Lala hapa, daktari. Na ukizimia, usiongee."